Ndoo moja ya maji ya kuoga: mkaa, gesi au umeme, kipi kinakula hela zaidi?

Mwezi wa saba Arusha mnaujua wenyewe, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole mpaka mtu unaahirisha kuoga, na ndo msimu ambao sisi watu wa nishati tunaulizwa kila siku nichemshie nini maji isiwe ghali. Wengi wanakuja na jibu lao kabisa, umeme ni wa wenye hela, mkaa ndo wa mnyonge. Hapo ndo tunapopigwa.

Shida ni kwamba tunaangalia bei ya kununulia, hatuangalii joto lililoingia kwenye sufuria. Kilo ya mkaa ina joto kama megajuli 29, kilo ya gesi 46, yuniti ya umeme ni 3.6 tu. Ukiishia hapo umeme unaonekana kichekesho. Ila jiko la mkaa la kawaida linafikisha kwenye sufuria labda moja ya tano ya joto lake, zingine zinapasha ukuta na paka aliyelala pembeni, gesi inafikisha nusu na kidogo, na hita ya kuchovya yenyewe iko ndani ya maji kwahiyo karibu joto lote linabaki humo humo.

Chukua ndoo ya lita 20, maji ya nyuzi 15 uyafikishe 45. Kwa hita ni robo tatu ya yuniti. Mwenye luku ya kawaida anayepata yuniti kama 28 kwa elfu kumi hapo ametumia shilingi 270 hivi. Kwa gesi ni gramu 100, na kama mtungi wa kilo 6 umejaza kwa 24,000 tuseme, hiyo ni 400.

Mkaa sasa. Nilinunua sado moja, lile kopo la kupimia, pale soko la Kilombero nikaipeleka kwenye mzani, vipande vimesimamishwa kiufundi, juu kuna kilima, aisee haikufika kilo! Ndoo yetu inataka gramu 430, yani karibu nusu sado, ukiwa umenunua sado buku unaona mwenyewe gesi imeshakupita na umeme umekuacha mbali. Na hapo sijahesabu mkaa unaoendelea kuungua ndoo ikishaepuliwa, wala ule ulionyeshewa mvua, maana ule unatumia moto wako kujikausha kwanza. Kuni mbichi hadithi ni hiyo hiyo.

Ila wale wa D1, bei ya umeme ya watumiaji wadogo, mnaolipa 9,150 kwa yuniti 75 za mwezi, msishangilie haraka. Nyumba ya watu wanne kila mtu na ndoo yake kila siku ni yuniti 90 kwa mwezi, umevuka 75 kabla hujawasha hata taa, na zikivuka bei inaruka. Hapo mimi ningechanganya, ndoo mbili hita, mbili gesi, na sufuria ifunikwe jamani, mfuniko hauna bei. Na hita uichomoe ukutani kabla hujatia mkono kupima maji.

Kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto la kulalia, wanasubiri moshi uishe waone ni salama. Mkaa uliokolea ndo mbaya kabisa, unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unaumwa kichwa kidogo unasinzia na huamki. Usiingize, hata dirisha likiwa wazi. Chukua dumu la lita mbili, tia maji ya moto yasiyochemka, funga vizuri, lizungushie kanga uweke miguuni. Umeme wake ni kama shilingi 40.