Sensa ya oksijeni kwenye gari la turbo: acheni kuing'ang'aniza kwenye manifoldi

Hii nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Mtu amenunua egzosi mpya, dauni paipu nene (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo), kila kitu safi, halafu anashika nati ya kufungia sensa mkononi anasema fundi nichomelee kabla ya turbo, pale kwenye manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi, karibu na injini ndo inasoma ukweli. Muulize kwa nini, atakwambia moshi ukishapita kwenye turbo unabadilika. Haubadiliki! Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini, inachukua presha na joto, basi. Uwiano wa oksijeni iliyobaki kwenye moshi ni uleule, na ndicho sensa inachosoma kujua mchanganyiko wa hewa na mafuta.

Na hiyo presha ndo shida yenyewe. Waidibendi, yaani sensa ya oksijeni inayotoa namba kamili ya mchanganyiko, tuseme Bosch LSU 4.9 maana geji nyingi zinakuja nayo, inaachia gesi ipenye kidogo kidogo kwenye kichumba chake cha ndani halafu inapima umeme unaotumika kuhamisha oksijeni humo. Presha ya moshi ikipanda gesi inapenya nyingi zaidi, umeme unapanda, na geji haina habari kwamba ni presha, yenyewe inadhani mchanganyiko ndo umehama. Kwenye 14.7 (hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo moja) hutaona tofauti, ila ukitoka hapo inaanza kutia chumvi: mafuta yakizidi inasema yamezidi mno, hewa ikizidi hivyo hivyo.

Sasa weka gari kwenye busti kamili, yaani turbo inasukuma hewa kwa presha yake yote. Kabla ya turbo presha ya moshi mara nyingi inakuwa kubwa kuliko hata busti yenyewe. Mchanganyiko halisi tuseme ni 12, geji inakuandikia 11 na kidogo, wewe unayetuni unafanyaje? Unapunguza mafuta. Geji inarudi 12, unapiga picha unawatumia washkaji, kumbe injini sasa hivi ina mafuta machache kuliko unavyoona na inayolipia ni pistoni. Yaani kosa linaangukia upande mbaya kabisa.

Halafu joto. Hiyo LSU 4.9 inavumilia gesi ya nyuzi 930 hivi, na injini ya petroli yenye turbo ikikamuliwa kabla ya turbo inaweza kufika hapo na kupita, kwa hiyo sensa inakufa mapema afu lawama zinaenda kwa aliyeuza. Kuna anayenijibu mbona baadhi ya Subaru zimetoka kiwandani na sensa kabla ya turbo. Ni kweli, lakini waliofanya hivyo waliiandikia ECU yao (kompyuta ya injini) wakijua sensa inakaa wapi. Geji yako ya kununua haijui chochote kuhusu manifoldi yako.

Sehemu yake ni kwenye dauni paipu, sentimita 60 mpaka 90 kutoka mdomo wa turbo, kabla ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi). Nati ikae upande wa juu, ukilitazama bomba kama uso wa saa basi iwe kati ya namba 10 na namba 2, isilale ubavu kabisa na usithubutu kuiweka chini, kwa sababu injini ikiwa baridi bomba linatengeneza maji na kauri ya ndani ya sensa inapata moto mpaka nyuzi 780 hivi, tone moja likiigusa inapasuka. Eti itachelewa kusoma? Moshi unavuka hiyo sentimita 90 kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Wapo na wa upande wa pili, wanaoipeleka mbali mpaka mkiani kwa silensa. Huko kumepoa, na injini ikiwa inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta hewa ya nje inarudi ndani ya bomba, utasoma hewa ya barabarani.

Eti gasketi ya egzosi ikivuja moshi unatoka tu, hakuna kinachoingia. Uongo. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa inavutwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi na ECU inaongeza mafuta bure. Kabla hujaniletea kesi ya gari linakunywa mafuta baada ya kubadilisha egzosi, angalia flenji kwanza, pale mabomba yanapofungwa pamoja.

Sensa ya nyuma nayo, ile iliyo baada ya masega, kazi yake kubwa ni kuangalia masega. Umetoa masega, P0420 (kodi ya kusema masega hayafanyi kazi vizuri) imewaka, unanunua sensa mpya ya nini?

Waya mfupi? Nunua waya wa kuongezea. Usikate plagi ya waidibendi, ndani yake kuna rezista iliyopimwa kwa ajili ya sensa hiyo hiyo. Na usiiache kwenye bomba bila kuunganishwa ukisema utafunga geji ukipata muda, hita isipofanya kazi masizi yanaiziba.

Mimi ushauri wangu bomba likiwa bado chini chomelea nati mbili, M18x1.5, moja ya sensa ya gari na moja ya waidibendi, hata kama geji huna bado, hiyo ya pili unaiziba na bolti. Wakati wa kuchomelea weka bolti chakavu ndani ya nati thredi zisipinde, sensa yenyewe iwe mbali kwenye boksi lake.