Kukutwa na kirusi si kupata chanzo cha uchovu sugu

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa uchovu sugu huletwa na kirusi kimoja, na kwamba kipimo cha damu hukithibitisha. Imani hiyo ina msingi: baadhi ya wagonjwa huanza kuumwa baada ya maambukizi, hasa ya kirusi cha Epstein-Barr. Ila zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamewahi kukipata, na kingamwili zake za IgG (aina inayobaki baada ya maambukizi kupita) hukaa mwilini maisha yote. Jibu “chanya” la IgG, basi, halimtofautishi mgonjwa na jirani yake aliye mzima.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza katika makala kwamba wamekuta XMRV, kirusi chenye uhusiano na virusi vya panya, kwa wagonjwa wengi. Maabara nyingine hazikukiona; ikabainika kuwa sampuli zilichafuka, na makala ikafutwa 2011. Kuchafuka huko ni rahisi mno: PCR, mbinu ya maabara ya kunakili DNA ili ionekane, huzidisha hata vipande vichache vya DNA ya panya mara mamilioni.

Ukikutana na dai jipya, tazama kama wagonjwa walilinganishwa na watu wenye afya, kama mpimaji alifichwa sampuli ni ya nani, na kama maabara nyingine imepata jibu lilelile. “Kimehusishwa” si “kimesababisha”.