Begi la Marko halitoshi

Marko anabeba mizigo ya nafasi 15. Pavle, aliyekuwa mwanasoka, anabeba ya nafasi 10 tu, ila kwa mbio hana mpinzani. Ukitaka kuelewa gemu inavyoweza kumbana mtu dhamira yake, achana kwanza na hadithi na michoro, angalia hilo begi. Hawa ni wahusika wa This War of Mine, gemu ya 11 bit studios ya Warsaw, Poland, iliyotoka Novemba 2014. Humo huwi askari. Unasimamia raia wachache waliojibanza kwenye nyumba iliyobomoka, katika mji wa kubuni uitwao Pogoren. Mji umezingirwa, na mfano mkubwa wa waundaji ulikuwa Sarajevo, ambako watu waliishi ndani ya mzingiro tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425.

Mchana hutoki nje kwa sababu ya wadunguaji. Unapika, unaunda kitanda, unaziba matundu ya ukuta. Usiku mmoja anakwenda kusaka, wengine wanalala au wanalinda, na anayelinda kesho yake ana usingizi. Huko alikokwenda msakaji kuna mbao, dawa, nyama ya kopo, vyuma. Kila kitu kinahitajika na begi halitoshi. Baridi ikiingia unachoma hata vitabu ili nyumba ipate joto.

Nafundisha vijana ubunifu wa gemu hapa Dar es Salaam, na kila kundi jipya huja na dhana moja: gemu ya maadili ni ile yenye jibu la upole na jibu la ukali, na pembeni kuna mstari unaopanda kuonyesha umekuwa mtu gani. Wameizoea kwenye Mass Effect na nyinginezo. Mimi naona mstari ule unaua swali. Mchezaji akishaona alama, anachagua upande mwanzoni, kama anavyochagua Simba au Yanga, kisha anaubeba hadi mwisho bila kufikiri tena.

Sasa chukua ile nyumba ya wazee wawili ndani ya This War of Mine. Hawana silaha. Friji ina chakula, dawa zipo. Ukianza kubeba, mzee anakufuata akikusihi umwachie dawa za mkewe. Hutokewi na dirisha la kukuuliza ndiyo au hapana. Hakuna anayekuzuia. Kuna wewe, begi, na mtu wako aliyelala nyumbani na homa inayozidi. Kanuni inayokuruhusu kuokota misumari kwenye jengo bovu ndiyo hiyo hiyo inayokuruhusu kumwibia mzee. Hapo ndipo penye ufundi: uovu hauna kitufe chake, umo ndani ya kazi ya kila usiku.

Ukishaiba, watu wako wanahuzunika. Huzuni ikizidi mtu anakaa sakafuni, hali, hafanyi kazi. Wengi huisifu sana sehemu hii. Mimi naisifu nusu. Mchezaji aliyekwishazoea hujua kwamba kahawa, sigara au gitaa vinapunguza huzuni, basi anapiga hesabu: naiba leo, nitawapa kahawa kesho. Ule mstari tulioufukuza mlangoni umeingia kwa dirishani. Kinachoiokoa gemu ni kwamba hujui vita vitaisha siku gani. Ungejua zimebaki siku tano, ungegawa makopo yako vizuri na ungekuwa mwema kwa gharama ndogo. Watoto wanapobisha hodi kuomba dawa ya mama yao, unatoa au unakataa bila kujua mwenyewe utaihitaji lini. Na kwa kuwa inajisevu yenyewe kila kunapokucha, uamuzi wa juzi huurudii.

Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiweka gemu hii kwenye orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Kwetu sidhani itapita kwenye vibanda vya gemu. Kibanda cha Manzese au Sinza kinaishi kwa mechi fupi, kelele na foleni ya wanaosubiri pedi. Nani atalipa hela akae saa nzima akichuja maji ya mvua? Ila kwenye simu inapatikana, na simu kila mtu anacheza peke yake, jambo linaloifaa zaidi.

Kwa darasa, hata hivyo, gemu ninayoitumia zaidi ni Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013. Wewe ni karani wa mpakani katika nchi ya Arstotzka, iliyotoka kwenye vita vya miaka sita na jirani yake. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia bila kosa. Jioni unakatwa kodi ya nyumba, chakula, joto na dawa za familia. Anakuja mume, karatasi zake safi. Nyuma yake mkewe, hana kibali cha kuingia, na ukimpitisha ni kosa. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo tu, la tatu ni faini. Vijana hulishtukia haraka: kumbe kila siku nina huruma mbili za bure! Basi wanaanza kuzitunza. Wanamkataa mtu asubuhi kwa sababu huenda mchana akaja mwenye shida zaidi. Hakuna aliyewafundisha hivyo, ni malipo na onyo tu. Hapo huwa nasimamisha mchezo na kuwaambia watazame walichokuwa wakikifanya.

Zipo pia gemu zinazokunyima hata nafasi ya kumwokoa mtu. Liyla and the Shadows of War, ya Mpalestina Rasheed Abueideh, ya mwaka 2016, inahusu familia ya Gaza inayokimbia mabomu, na uchague lolote, mtoto haponi. Ni fupi mno. Ingekuwa ndefu, mchezaji angezoea kushindwa.

Zoezi la mwisho huwa la nyumbani kwetu, tena la kadi za karatasi: Vita vya Maji Maji. Vilianza Julai 1905 Umatumbini, kusini mwa Tanzania, baada ya watu kuchoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na makadirio ya vifo yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa. Mchezaji ni mama mwenye vibaba kadhaa vya mtama. Kila kibaba anaweza kukila, kukipa ndugu aliyekimbia moto, kukificha porini au kukitunza kiwe mbegu. Askari wakifika wanataka kuonyeshwa maficho, na akionyesha ya jirani, yake yanapona.

Kundi la mwisho walibishana vikali kuhusu mbegu. Binti mmoja alisema kula mbegu kusiwe na adhabu yoyote papo hapo, mtu ashibe tu kama kawaida. Nilikubali mara moja. Tatizo likabaki kwenye kumalizia. This War of Mine inafunga siku mapigano yanapokoma, lakini kusini mapigano yalikoma na njaa ikaendelea. Tukafuta kadi ya amani. Sasa gemu inakwenda hadi mvua zinyeshe, na kila mchezaji anafunua kadi zake za mbegu mbele ya wenzake.