Je, Wajua Kwa Nini Mahindi ya Guatemala Huchemshwa kwa Chokaa?

Watu sita au saba wakikaa meza moja katika mkahawa wa mjini Antigua, Guatemala, kila mmoja huagiza chakula chake: huyu pepián, mchuzi mzito wa kuku uliosagiwa mbegu za maboga na ufuta, yule kak'ik, supu nyekundu ya bata mzinga ambayo asili yake ni kwa Wamaya (wenyeji wa asili wa huko) wa kabila la Q'eqchi' katika jimbo la Alta Verapaz. Hata hivyo, kuna kitu kinachofika mezani hata kama hakuna aliyekitaja, nacho ni kikapu cha tortila, yaani vichapati vidogo vya mahindi vilivyofunikwa kwa kitambaa ili visipoe. Kitambaa kikifunuliwa hutoka mvuke wenye harufu ambayo mla ugali hataitambua mara moja, kwa kuwa si ya mahindi peke yake bali pia ni ya chokaa.

Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, takriban gramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, kisha huachwa humo usiku kucha. (Ni chokaa safi inayouzwa kwa ajili ya chakula, ile ya kupaka ukutani tuiache ukutani.) Asubuhi punje huwa zimevimba na maganda yake yanachubuka kwa vidole, huoshwa, zikasagwa zikiwa bado mbichimbichi, na donge linalopatikana hupigwapigwa kwa viganja hadi liwe duara. Anayetia magadi katika makande au maharage ili yalainike anatumia kanuni iyo hiyo, ila Wamaya waliifikisha mbali zaidi.

Sababu ya kwanza anaijua mkandaji. Ukikanda unga wa sembe kwa maji ya baridi na kuusukuma kama chapati, utapasuka kabla haujafika kikaangoni, kwa sababu mahindi hayana gluteni, yaani protini inayonata na kuvutika iliyomo katika ngano. Ndiyo maana sisi huusonga katika maji yanayochemka. Chokaa hulegeza nyuzi za ganda na kuzigeuza kuwa kama gundi, na gundi hiyo, pamoja na wanga ulioanza kuiva, huushikamanisha unga.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Mahindi yana niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B, lakini sehemu yake kubwa imefungwa kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia, na chokaa huifungua. Wazungu waliochukua mahindi kutoka Amerika walibeba mbegu bila kubeba ujuzi huo, na maskini wa Uhispania, Italia na baadaye kusini mwa Marekani, walioishi kwa mahindi karibu matupu, wakapatwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuharisha na hatimaye kuvuruga akili. Daktari Gaspar Casal aliueleza nchini Uhispania mwaka 1735. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza nchini Marekani mwaka 1914, alionyesha kwamba chanzo chake ni lishe wala si vijidudu. Na niasini ikatambuliwa kuwa tiba mwaka 1937. Sisi ugali wetu huokolewa na maharage, samaki, nyama na karanga. Kitoweo kikikosekana mambo hubadilika: mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipokosa karanga katika mgao wao, maelfu waliugua pelagra.

Tukirudi mezani, mla pepián humega kipande cha tortila, akakikunja kama kijiko na kuchota mchuzi. Tonge la ugali tunalibonyeza kwa dole gumba lipate kishimo. Tortila haihitaji kishimo, maana inakunjika bila kukatika na hailegei mchuzini upesi, nayo ni kazi ya chokaa ya jana usiku.