Uzayuni ni nini, na Wakristo wanaupimaje?

Kanisani tunaimba Sayuni tangu utotoni. Katika nyimbo zetu Sayuni ni mbinguni, mji wa watakatifu, kwetu sisi tulio safarini. Jioni tukifungua redio tunasikia "Uzayuni" na "Wazayuni", na mara nyingi maneno hayo hutamkwa kwa hasira. Asili yake ni moja. Sayuni ni kilima cha Yerusalemu, baadaye likawa jina la mji wenyewe, kisha la nchi ambayo Wayahudi waliililia utumwani: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni."

Lakini Uzayuni wa leo si dini. Ni utaifa: imani kwamba Wayahudi, hata wakiwa wametawanyika, ni taifa moja, na kwamba taifa hilo lina haki ya kujitawala katika nchi ya mababu zao. Wazo hili lilikomaa Ulaya ya karne ya 19, wakati Wagiriki, Waitalia na Wajerumani nao walikuwa wakijijengea dola. Wayahudi walisukumwa pia na hofu. Kuanzia mwaka 1881 wimbi la mashambulizi na mauaji liliwakumba katika miji ya Dola ya Urusi. Mwaka 1894 Ufaransa ilimhukumu ofisa Myahudi, Alfred Dreyfus, kwa usaliti asioufanya. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa gazeti la Vienna, aliiripoti kesi hiyo. Mwaka 1896 alichapisha kijitabu cha kudai dola ya Wayahudi, na mwaka 1897 akaitisha mkutano wa kwanza wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi.

Wayahudi wenyewe hawakukubaliana. Wengi wa wacha Mungu walisema ni Masihi pekee atakayewarudisha. Wafanyakazi wajamaa wa chama cha Bund, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1897, walitaka haki zao palepale walipoishi. Kwa hiyo Myahudi na Mzayuni si kitu kimoja, na anayeyachanganya maneno hayo mawili huishia kuwachukia watu kwa kuzaliwa kwao.

Kuna sura ya habari hii inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni nafasi ya kuhamia Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi hiyo sasa iko Kenya. Katika mkutano wa Wazayuni, wajumbe kutoka Urusi walitoka ukumbini kwa uchungu, na mwaka 1905 mkutano ukaukataa. Wanandi na Wamaasai wa eneo hilo hawakuulizwa. Waziri mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Ni huyohuyo ambaye mwaka 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliandika barua ya kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina. Waarabu, waliokuwa wengi mno nchini humo, barua iliwataja tu kama jumuiya zisizo za Kiyahudi. Mimi siwezi kuisoma barua ile bila kuikumbuka Uasin Gishu.

Baada ya Wanazi kuwaua Wayahudi milioni 6, dunia haikuweza tena kuwaambia wasubiri. Dola ya Israeli ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948. Katika vita vya wakati huo Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao, na kati yao walikuwamo Wakristo.

Wakristo wanalipimaje jambo hili? Wako wanaoliona kuwa unabii unatimia. Katika karne ya 19 mhubiri John Nelson Darby alifundisha kwamba ahadi za Mungu kwa Israeli na ahadi zake kwa Kanisa ni njia mbili tofauti, na fundisho hilo likaenea sana Marekani. Ndilo lililo nyuma ya mahubiri mengi tunayoyasikia kwetu, yakishikilia Mwanzo 12:3: "Nami nitawabariki wakubarikio, naye akulaaniye nitamlaani." Huu huitwa Uzayuni wa Kikristo.

Kanisa Katoliki lilianzia upande mwingine kabisa. Herzl alipokwenda kwa Papa Pius wa 10 mwaka 1904, kwa mujibu wa shajara yake, alijibiwa kwamba Wayahudi hawakumtambua Bwana wetu, kwa hiyo Kanisa haliwezi kuwatambua. Jibu hilo lilibeba dharau ya karne nyingi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa hilo, ulikataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Mwaka 1993 Vatikano ilitia saini mkataba na Israeli, na mwaka 2015 mwingine na Dola ya Palestina.

Kisha wako Wakristo wa nchi yenyewe. Mwaka 2006 viongozi wanne wa makanisa ya Yerusalemu, Mkatoliki, Msiria wa Kiorthodoksi, Mwanglikana na Mlutheri, walitoa tamko la kuukataa Uzayuni wa Kikristo, wakiuita mafundisho ya uongo yanayopotosha ujumbe wa Biblia wa upendo, haki na upatanisho.

Naona wana hoja nzito. Mtume Paulo anauliza katika Warumi 11 kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, naye anajibu: "Hasha!" Mkristo hana ruhusa ya kuwadharau Wayahudi, wala ya kuwanyima mahali pa kuishi kwa amani. Lakini kumpenda Myahudi hakumlazimu mtu kuitikia kila linalofanywa na serikali ya Israeli. Amosi aliwakemea watawala wa Israeli kwa kumwonea maskini, Yeremia akawakemea wa Yuda, na hakuna anayehesabu maneno yao kuwa laana juu ya Israeli. Basi mchungaji anayenukuu Mwanzo 12:3 ili kuzuia swali juu ya shamba la mizeituni la Mpalestina lililonyang'anywa karibu na Bethlehemu analitumia andiko kwa namna ambayo hata manabii hawakulitumia.