“Critique” si hatari

Hapa Lubumbashi, mji ulioota juu ya shaba, nimesikia mara nyingi mno “rayon critique” (Kifaransa: nusukipenyo “critique”) ya kiini, yaani ya kikundi cha kwanza cha atomi katika metali inayoganda, ikielezwa kwa Kiswahili kuwa ni “ukubwa wa hatari”. Maana yenyewe ni fupi. Metali iliyoyeyuka inapopoa chini ya kiwango chake cha kuyeyuka, atomi chache hukusanyika na kujipanga kama katika yabisi. Kikundi hicho kikiwa kidogo mno huyeyuka tena, kwa kuwa kila atomi inayoongezeka hugharimu nishati ya kutengeneza uso wa kikundi iliyo kubwa kuliko faida inayoletwa na kuganda. Kikivuka kipimo fulani, ndiyo hiyo “rayon critique”, hukua.

Neno “critique” asili yake ni kitenzi cha Kigiriki “krinein”, yaani kutenga, kuamua, kukata shauri. Kwa waganga wa Kigiriki wa kale, “krisis” ilikuwa ile hatua ya ugonjwa inayoamua kama mgonjwa atapona au atakufa, na maana ya hatari imelifuata neno baadaye. Kiini chenye ukubwa huo kiko vivyo hivyo: kikipata atomi huelekea kukua, kikipoteza huelekea kuyeyuka, na hakuna cha kuogopwa hapo.

Wala ukubwa huo si sifa ya kudumu ya metali, kama nyuzi 1085 za Selsiasi zilivyo kwa kuyeyuka kwa shaba. Metali ikipoa maradufu chini ya kiwango chake, nusukipenyo hupungua kwa nusu. Shaba safi katika matone madogo sana, ikipozwa nyuzi 236 chini ya kiwango hicho, ina kiini chenye nusukipenyo hicho cha takriban nanomita 1.25, yaani atomi mia kadhaa tu. Waliomimina misalaba ya shaba ya Katanga, na wanaomimina sufuria za alumini leo, hawakufika huko, maana kuta za kalibu na chembe za uchafu hukipa kiini mahali pa kushika, na nyuzi chache hutosha. Wengi huhitimisha kwamba kuta hizo hupunguza nusukipenyo. Sivyo: kwa upoaji uleule mpindo wa uso wa kiini, na hivyo nusukipenyo chake, haubadiliki, ila kinachopungua ni idadi ya atomi zinazohitajika, kwani kiini hulala ukutani kama kofia badala ya kuwa tufe zima.

Naomba basi tuseme “ukubwa wa kuamua”, na kila tunapoutaja, tutaje pia metali imepoa nyuzi ngapi.