Kioo cha mizani kikigeuka cheusi juani

Punje ya chumvi inayovunwa pwani ya Lindi ni fuwele: chembe zake zimepangwa safu kwa safu na hazihami. Maji ni kinyume chake; molekuli zake huzunguka ovyo. Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, nayo huenda umeitazama leo kwenye mita ya umeme ya LUKU, kikokotoo au mizani ya korosho. Ni fuwele kimiminika. Fikiria kundi la dagaa: kila mmoja anaogelea na kumpita mwenzake, lakini vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.

Aliyeigundua ni mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, mjini Prague mwaka 1888, akichunguza kolesteroli ya karoti. Kemikali moja aliyoitengeneza kutokana na kolesteroli hiyo iliyeyuka kwenye nyuzi joto 145.5 ikawa na ukungu, kisha kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla. Chanzo kilikuwa kiumbe hai, na hilo si ajabu. Utando wa kila seli ya mwili wako ni fuwele kimiminika: tabaka mbili za molekuli za mafuta, unene wa takriban nanometa 5, mikia ikiwa ndani na vichwa vikielekea maji. Molekuli huteleza ubavuni bila kuvunja safu, ndiyo maana utando hunyumbulika bila kupasuka.

Kwenye kioo cha tarakimu nyeusi (zile nyekundu zinazowaka zenyewe ni taa, si hizi) fuwele hiyo imebanwa kati ya vioo viwili vilivyoachana kama maikromita 5. Nyuso za ndani zimesuguliwa kwa mielekeo inayokatana, hivyo molekuli hujisokota robo duara, mithili ya kamba ya usumba. Nje kuna vichujio viwili vya plastiki, kila kimoja kikipitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, navyo vimewekwa kwa mielekeo inayokatana. Mwanga ukifuata msokoto hugeuzwa nao, hivyo hupita kichujio cha pili. Volti chache zikifika kwenye kijiti (kipande kimoja cha tarakimu), molekuli husimama wima, msokoto hufunguka, mwanga hukwama na kijiti huwa cheusi. Umeme huo lazima ugeuze mwelekeo makumi ya mara kwa sekunde, kwani ukibaki upande mmoja huharibu kemikali ya kimiminika.

Sasa fikiria jua la Oktoba, huko kwenye korosho, Tandahimba au Ruangwa, mizani iko uwanjani tangu asubuhi. Vioo vingi vya kawaida hutengenezwa kwa nyuzi 0 hadi 50. Plastiki iliyokaa juani huweza kupita hapo. Molekuli zikishapoteza mpangilio, hakuna msokoto wa kupitisha mwanga, na kioo chote huwa cheusi. Hakijafa. Kipeleke kivulini kipoe taratibu, bila kumwagiwa maji, na kwa kawaida hurudi. Doa jeusi linalotanuka kama wino ni jambo jingine: kioo kimepasuka, na dawa yake ni kubadilishwa. Kimiminika kikikugusa, nawa kwa sabuni.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: kijiti kimoja kilichokufa. Tarakimu hujengwa kwa vijiti saba. Cha katikati kikizimika, 8 husomeka 0, na gunia la kilo 78 huandikwa 70. Kilo nane za mkulima zimepotea wala hakuna aliyeiba. Cha chini kushoto kikizimika, 6 husomeka 5 na mkulima hupunjwa tena, lakini 8 husomeka 9, na hapo anaumia mnunuzi. Mara nyingi kosa si la fuwele. Ni vumbi au unyevu wa chumvi kwenye mpira wa mistari unaounganisha kioo na saketi.

Kwa hiyo, kabla ya gunia la kwanza, karani azime mizani na kuiwasha mbele ya wakulima. Mizani nyingi huonyesha 8 kwenye kila nafasi kwa sekunde chache. Hesabuni vijiti saba kwenye kila 8, mkitazama kwa macho matupu, maana baadhi ya miwani ya jua ina kichujio kama cha kioo na inaweza kuficha tarakimu zote. Kikikosekana hata kimoja, upimaji usimame. Mizani ya biashara isifunguliwe na fundi wa mtaani. Lakiri yake (muhuri wa kuifunga) ikikatwa, vipimo vyake havikubaliki tena hadi Wakala wa Vipimo waihakiki.